Jinsi ya kuwa komisyonere wa nyumba Kolwezi, kwa njia halali

Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Majengo, Sura ya 533, inayomtaka kila wakala asajiliwe na bodi iitwayo EARB kabla ya kuanza kazi. Lakini Kolwezi, mji wa migodi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hakuna mtihani wa taifa wa ukomisyonere, yaani udalali wa nyumba. Kijana mwenye simu, pikipiki ya kukodi na marafiki wawili watatu katika komini za Dilala na Manika anaweza kuamka asubuhi akajitangaza, na jioni akawa tayari amepokea pesa za kutembeza watu. Ndiyo maana wakaazi wengi wakisikia neno komisyonere hushika mfuko.

Wewe unayesoma hapa nadhani unataka kuifanya kazi hii kwa jina lako, katika ofisi inayojulikana, na miaka mitano baadaye uweze kupita sokoni bila kumkwepa mtu. Inawezekana. Karatasi za kukufanya mfanyabiashara halali si nyingi wala si ngumu. Uzito wa kazi uko kwingine. Katika mji huu lupango, yaani kiwanja, lina juu na lina chini, na kila upande una haki zake na ofisi yake. Komisyonere asiyejua kuuliza habari za pande zote mbili ataiuzia familia nyumba ambayo kubomolewa kwake kumekwisha kupangwa.

Nianze na karatasi, kwa kuwa habari yake ni fupi.

Karatasi za kazi

Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo inafuata sheria za biashara za OHADA, na sheria hizo zinamtambua mtu ambaye kazi yake ni kukutanisha watu ili wafunge mkataba. Huyo ndiye wewe. Sheria inakuhesabu kuwa mfanyabiashara, kwa hiyo lazima uandikishwe katika rejista ya biashara, RCCM. Njia ya kawaida ni Guichet Unique, GUCE: unaweka dosye moja na kutoka na nambari ya RCCM, nambari ya ID NAT na nambari ya kodi ya DGI.

Kabla ya kwenda, amua sura ya biashara. Ya mtu mmoja, ile inayoandikwa Ets kwenye mabango, ni rahisi kufungua, lakini mali yake na mali yako ni kitu kimoja. Deni likija linaingia hadi chumbani. SARL ni kampuni yenye nafsi yake, na OHADA inaruhusu iwe na mshirika mmoja tu. Katika nambari ya RCCM herufi A humaanisha mtu binafsi na B humaanisha kampuni, na mteja mwenye uzoefu huitazama herufi hiyo kabla ya kutazama kadi yako. Wengine huanza na patente ya biashara ndogo, ambayo sheria ya mwaka 1990 imewawekea Wakongo peke yao. Kwa kuanzia si vibaya, ila usitarajie kampuni ya mgodi ikulipe kwa patente.

Ukishapata RCCM, nenda kwenye Division ya Urbanisme na Habitat ya mkoa wa Lualaba. Uliza masharti ya agrema, yaani kibali, ya wakala wa nyumba na uombe orodha ya viwango iliyoandikwa. Kila pesa inayostahili kwenda serikalini ina note de perception yake na hulipwa benki. Ofisa akikutajia kiasi kwa mdomo, mwombe karatasi kwa upole na urudi siku nyingine kama haipo. Ukiajiri mtu, hata msichana mmoja wa kupokea wageni, mwandikishe CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Na INPP ya mafunzo ya kazi na ONEM ya ajira pia zitakuja kukuulizia.

Basi. Kwa dosye iliyokamilika, hapo umekuwa komisyonere mbele ya serikali. Mbele ya watu bado.

Unamfanyia nani kazi?

Sheria ya OHADA ina maneno makali kuhusu dalali, na Kolwezi wachache wameyasoma. Dalali anakutanisha watu na anabaki huru kati yao. Haruhusiwi kufanya biashara kwa faida yake mwenyewe, wala kwa kujificha nyuma ya jina la shemeji. Maana yake, lupango zuri likipita mbele yako kwa bei ya chini, huruhusiwi kulinunua kimya kimya na kumuuzia mteja wako kwa bei ya juu. Na ukimwahidi mwenye nyumba kwamba unamtetea, kisha ukapatana na mnunuzi akulipe pembeni bila mwenye nyumba kujua, unapoteza haki ya komisyo yote pamoja na gharama zako. Hayo ndiyo yanayotokea kila siku kwenye miti ya vivuli mjini, watu wakiona ni ujanja wa kazi.

Kwa hiyo usimtembeze mtu kabla ya karatasi ya ukurasa mmoja. Iandikwe nani amekupa kazi, nyumba ipi, bei ipi, komisyo kiasi gani na nani anailipa, na kwamba inalipwa mkataba ukishafungwa, kwa kuwa sheria inakupa haki ya malipo pale kazi yako inapozaa mkataba. Wote wawili wakikupa kazi, waandike wote wawili. Mama anayeuza nyumba ya marehemu mumewe ana haki ya kujua kwamba wewe unakula na upande wa pili.

Na pesa ya kutembeza? Naipinga waziwazi. Inamtajirisha anayeonyesha nyumba mbovu kumi kuliko anayeonyesha moja nzuri, na wapo wanaoonyesha nyumba zilizokwisha kupangwa ili wapate hiyo pesa tu. Ukihitaji nauli, omba nauli na uiite nauli. Ofisi itakayotangaza Kolwezi kwamba haichukui pesa ya kutembeza haitakosa watu.

Juu ya ardhi: nani ana sertifika?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi yote ni ya Serikali, haiuziki. Tunachouziana ni haki ya kuitumia pamoja na majengo yaliyo juu yake. Haki hiyo ina aina mbili ambazo lazima uzitaje bila kusita. Konsesyo ya kudumu ni ya Mkongo, tena mtu, si kampuni. Konsesyo ya kawaida ndiyo inayofaa kampuni na wageni, na haizidi miaka 25, ingawa inaweza kufanywa upya. Mchina au Mhindi akikuuliza kama anaweza kununua nyumba iwe yake milele, jibu ni hapana, na kazi yako ni kumwambia hivyo kabla hajatoa pesa, hata kama komisyo inakuchekea.

Haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika ya kuandikishwa inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Sheria inasema wazi kwamba haki ya kutumia ardhi husimama kisheria kwa sertifika, na ikishapita miaka miwili ni vigumu mno kuishambulia mahakamani. Karatasi nyingine zote ni hatua za njiani. Fishi ya lupango inaonyesha nani anaonekana kuishi pale. Atestasyo ya shefu wa kartie ni ushahidi wa jirani. Kontra ya lokasyo ya ardhi humpa mtu miaka mitatu ya kuijenga kabla ya kuomba konsesyo. Mwenye karatasi hizi si lazima awe mwongo, lakini hana sertifika, na bei ya lupango lake haiwezi kuwa sawa na ya jirani aliye nayo. Mweleze muuzaji hivyo, mweleze mnunuzi hivyo, kisha waache wapatane.

Pembeni mwa mji, njia ya Mutshatsha au ya Lubudi, utaletewa viwanja vilivyotolewa na chifu. Hapa kuna jeraha la zamani. Sheria ya 1973 ilizifanya ardhi za jamii za vijijini kuwa za Serikali na kuahidi kwamba amri ya Rais ingepanga haki za wenyeji. Amri hiyo haikutoka. Chifu ana heshima yake na watu wanamsikiliza, lakini karatasi yake peke yake haimfanyi mnunuzi kuwa mwenye lupango. Konservateri ndiye atakayeulizwa siku ya ugomvi.

Kwa hiyo kila dosye ya kuuza ianze kwa konservateri. Peleka nambari ya sertifika na uombe kuangaliwa katika kitabu cha uandikishaji: jina, ukubwa, rehani ya benki, kizuizi cha mahakama. Nenda na mpimaji wa kadasta hadi kwenye mawe ya mipaka, kwa sababu lupango la mita 20 kwa 30 kwenye karatasi laweza kuwa mita 17 uwanjani baada ya jirani kusogeza ukuta. Kisha uliza maswali ya nyumbani. Muuzaji ameoa? Sheria ya familia ya Kongo inataka wote wawili, mume na mke, wakubali nyumba iuzwe, haidhuru waliandika utaratibu gani wa mali siku ya harusi. Mume peke yake hatoshi, hata akija na sertifika yenye jina lake. Ni urithi? Basi omba kujua nani ni likidateri, yaani msimamizi wa mirathi, na watoto wote wako wapi. Watoto ndio warithi wa kwanza wa nyumba hiyo, hata yule aliye Lubumbashi au Kinshasa ambaye wajomba wanajifanya kumsahau. Kama familia inanong'ona uani wakati wewe unapima vyumba, funga daftari urudi siku nyingine.

Bei ikipatikana, tendo la kuuza lithibitishwe mbele ya notere au konservateri, kisha mutasyo ifanywe hadi sertifika mpya itoke kwa jina la mnunuzi. Wengi husimama kwenye tendo la kuuza kwa kuogopa gharama. Usiwaache hapo. Mnunuzi mwenye tendo la kuuza bila mutasyo amelala na mlango wazi, kwa kuwa jina lililo kitabuni bado ni la mwingine, na huyo mwingine anaweza kuiuza nyumba tena. Kuuza nyumba isiyo yako Kongo ni kosa la jinai liitwalo stelyona, na komisyonere aliyesaidia akijua atakaa kwenye benchi moja na mwizi.

Chini ya ardhi

Haya hayako katika miongozo ya miji mingine, na kwa Kolwezi ndiyo moyo wa jambo.

Mji huu ulijengwa na Union Minière mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na tangu mwaka 2015 ndio makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Mashimo yake hayako mbali na mji; yako ndani yake. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inatenga haki ya madini na haki ya juu ya ardhi. Sertifika yako ya lupango haikupi hata jiwe moja la kobalti lililo chini ya jiko lako, na kibali cha uchimbaji hutolewa na ofisi tofauti kabisa, Kadasta ya Migodi, CAMI. Vibali hupimwa kwa miraba ya karibu hekta 85 kila mmoja. Mraba mmoja waweza kumeza kartie nzima pamoja na shule na kanisa lake.

Kasulo ndipo somo lilipoandikwa. Mwaka 2014 mkaazi mmoja alichimba uani kwake akakuta kobalti, na muda si mrefu kartie nzima ikawa na visima vya wachimbaji ndani ya malango, vyumbani, chini ya sakafu. Watu walikodisha uani kwa wachimbaji wakagawana mapato. Nyumba zikapasuka. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ikazungushiwa uzio, familia zikahamishwa, na eneo likawa la kampuni ya CDM kununulia madini. Aliyenunua nyumba pale mwaka 2013 kwa ajili ya kuwalea watoto, baada ya miaka michache hakuwa na mtaa tena.

Cité Gécamines, yenye jina la kampuni ya migodi ya Serikali, ni habari nyingine ya aina hiyo. Ni kartie ya nyumba imara, yenye maji na umeme, iliyokaa karibu na shimo la COMMUS, kampuni ambayo Zijin ya China ina hisa kubwa. Shimo lilipopanuliwa, nyumba zilianza kulipwa na kubomolewa moja moja. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la Kolwezi la IBGDH walitoa ripoti yenye ushuhuda wa watu waliosema malipo hayakutosha kupata nyumba ya aina ile ile mahali pengine. Fikiri komisyonere aliyemuuzia mtu nyumba pale huku alama za bomoabomoa ziko mtaa wa pili. Sheria yaweza kukosa kumgusa. Mteja wake hatamsahau.

Utafanya nini basi? Ramani ya CAMI iko wazi kwa umma, na intaneti inatosha kuifungua. Weka lupango unaloliuza juu ya ramani hiyo, ona liko ndani ya mraba wa nani, kibali ni cha kutafiti au cha kuchimba, na chapa karatasi uiweke kwenye dosye. Nenda kwa shefu wa kartie umuulize kama kuna watu waliokuja kuhesabu nyumba na kuandika nambari ukutani. Simama uani saa za milipuko ya migodini, usikilize na utazame kuta. Kama mteja anataka nyumba Musonoi, Luilu, Kapata au Kasulo, usimkatishe tamaa kwa jina la kartie tu, kwa kuwa ndani ya kartie moja kuna mitaa iliyo salama na iliyo hatarini. Mwambie ulichoona, kwa maandishi, na atie sahihi kwamba ameambiwa.

Mwambie pia mwenye nyumba asitupe karatasi zake. Siku kampuni ikija kumhamisha, sheria ya migodi inatambua fidia ya walio juu ya ardhi, na kila risiti ya matofali, kila picha ya mwembe, kila kontra ya mpangaji itakuwa na uzito mezani. Nyumba nyingi za kambi za zamani za Gécamines zimekaliwa na vizazi viwili au vitatu bila karatasi kubadilishwa jina. Komisyonere anayemsaidia mama mjane wa mfanyakazi wa Gécamines kupata sertifika yake leo amempa zaidi kuliko atakachompa kwa kuuza.

Kupangisha

Chakula cha kila siku cha kazi hii ni pango. Wahandisi wa kampuni ya KCC, madereva wa magari makubwa, Wazambia, Wachina, wafanyakazi wa mgodi wa Kamoa waliotoka Lubumbashi umbali wa kilomita mia tatu hivi: wote wanatafuta pa kulala, na bei hufuata metali. Serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025 na kuleta kota Oktoba mwaka huohuo, kila mwenye nyumba anayewapangisha watu wa kobalti alikuwa na sababu ya kufikiria bei yake upya. Soma habari za metali kama unavyosoma matangazo ya nyumba.

Sheria inayotawala ni Nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Ichape, ubebe nakala. Kontra iwe ya maandishi na ipite kwenye ofisi ya Habitat ya komini. Garanti ya nyumba ya kulala haizidi miezi mitatu. Mwenye nyumba akidai miezi sita kwa nyumba ya kulala, utamsikia akisema, "Mutoto, huku kwetu ni hivi." Mjibu kwa adabu, "Papa, sheria inasema mitatu, na mpangaji akienda Habitat sisi wawili tutaitwa." Siku ya kuingia andikeni pamoja hali ya nyumba, chumba kwa chumba, na picha. Bila karatasi hiyo garanti haitarudi bila ugomvi. Ugomvi ukitokea, unaanza kwa upatanisho Habitat, kisha Tripaix, mahakama ya amani, kama upatanisho umeshindikana.

Kodi ya mapato ya pango ni ya mkoa, na Lualaba inaikusanya kupitia DRLU. Mweleze mwenye nyumba siku ya kwanza kwamba mpangaji wake, hasa akiwa kampuni, atakata sehemu ya pango na kuipeleka huko. Asipojua mapema atadhani umemwibia.

Wateja wa migodini

Kuna komisyo kubwa katika kutafutia kampuni za migodi nyumba za wafanyakazi. Kumbuka sheria ya Februari 2017 kuhusu sutretansi: kazi ndogo ndogo za kampuni kubwa zimewekewa kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongo, na ARSP ndiyo inayosimamia. Ukiwa na SARL yenye washirika Wakongo na usajili wa ARSP, barua yako inafunguliwa. Peleka pamoja nayo mfano mmoja wa dosye kamili: sertifika iliyohakikiwa, karatasi ya mipaka, chapa ya ramani ya CAMI, rasimu ya kontra yenye garanti ya miezi mitatu. Ofisi za wanunuzi wa kampuni huona barua nyingi zenye picha za nyumba nzuri. Dosye yenye ramani ya CAMI hawaioni mara nyingi.

Usimpe mteja huyo nyumba ya mtu ambaye hajakubali kwa sahihi, hata akikuambia anahitaji nyumba kumi kufikia Ijumaa. Mpe tatu zenye karatasi zilizohakikiwa, na umwandikie tarehe utakapozileta saba nyingine.